Kupiga picha za mawimbi pwani yetu: maswali mnayoniuliza kila mara

Nimekuwa nikipiga picha za mawimbi pwani ya Tanzania na Kenya kwa miaka sasa, zaidi zile sehemu za mbali ambazo hoteli hazijafika, na maswali yanayokuja inbox ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Nitawaambia mapema kabisa kwamba kwa pwani yetu kitu cha kwanza ni kuyajua maji, yaani kujaa na kupwa, upepo na mwamba (ule ukuta wa matumbawe ulio nje ya ufukwe), kamera inakuja baadaye sana. Kwa hiyo msishangae mkiona naongea habari za wavuvi kuliko habari za lenzi.

Nahitaji kamera gani kuanzia?

Uliyonayo. Simu inatosha kwa mawimbi yanayofika ufukweni, haswa ukichuchumaa chini karibu na mchanga. Ukitaka wimbi linalovunjika mwambani, hapo simu inashindwa kwa sababu kwetu mwamba uko mbali, sehemu kama Paje na Jambiani kule Unguja ni kama kilomita moja hivi na kuzidi kutoka ufukweni, ukizumu unapata uji mtupu. Hapo tafuta kamera yoyote inayobadilisha lenzi, hata ya mtumba ya miaka kumi iliyopita, na lenzi ya kuvuta inayofika milimita 200 au 300. Pesa ikibaki weka kwenye mafuta ya pikipiki na nauli, usiongeze lenzi ya pili.

Msimu gani ni mzuri kwa mawimbi?

Hili jibu lake ni refu kidogo.

Kusi ndio baba wa mawimbi kwetu. Upepo unaanza kugeuka kama mwezi wa nne, Juni mpaka Agosti ndio umekomaa, unavuma kutoka kusini mashariki na unaisukuma bahari moja kwa moja kwenye mwamba wetu. Wavuvi wengi wa vyombo vidogo wakati huo hawatoki nje ya mwamba, na hiyo peke yake inakuambia kitu. Kwa mpiga picha kusi kuna nguvu, kuna povu linaruka juu, mawingu yana sura, lakini maji yanachafuka na upepo unarusha chumvi kwenye lenzi mfululizo, na nyuso za mawimbi zinakuwa zimevurugika, hazina ule wororo.

Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, maji yanakuwa masafi, rangi ya buluu na kijani ile watu wanayoipenda kwenye kalenda. Mawimbi kwa ujumla ni madogo kuliko ya kusi ingawa sehemu zinazotazama kaskazini, mfano Nungwi, zinapigwa vizuri tu Januari.

Mimi kipindi changu ni katikati, ile maleleji, wengine wanaita tanga mbili, pale upepo mmoja umechoka na mwingine haujaingia. Oktoba na Novemba, halafu tena Machi kwenda Aprili kabla masika hayajakolea. Bahari inatulia kama mafuta na alfajiri unapata umande, ule upepo mwembamba wa nchi kavu unaotoka bara kwenda baharini. Umande unalishika wimbi kwa mbele, unalisimamisha, uso wake unakuwa laini kama kioo na kileleni unanyoa kiuzi cha maji kinarudi nyuma. Jua likipanda umande unakufa, kwa hiyo saa moja na nusu hivi asubuhi kama bado unakunywa chai umeshakosa.

Na kitu kingine, tofautisha mawimbi ya upepo na sweli. Sweli ni lile wimbi lililozaliwa mbali na upepo wa huko, likasafiri siku kadhaa mpaka kwako. Kwenye apu za hali ya bahari angalia ule muda kati ya wimbi na wimbi. Ukiona sekunde 5 au 6 hiyo ni fujo ya upepo wa karibu, ukiona 11 au 12 hata kama urefu umeandikwa mita moja tu, toka, kwa sababu hilo lina uzito na litasimama vizuri likigusa mwamba. Sweli ndefu hazitujii kila siku maana Bukini (Madagaska kwa jina la sasa) imekaa kule chini kama ukuta na inatukinga na nyingi zinazotoka bahari ya kusini kabisa.

Mwezi unahusika vipi? Kila mara unataja bamvua.

Unahusika kuliko kitu chochote, na hapa ndipo wageni wanapopotea. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita na ushee kila safari, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika karibu mita 4 Zanzibar na Mombasa. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ndogo.

Sasa sikiliza hii maana mi ilinichukua muda kuigundua mpaka mzee mmoja wa Makunduchi alipoicheka ratiba yangu. Kwa pwani yetu bamvua ina saa zake zisizobadilika sana. Siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Ndio maana kinamama wa mwani unawaona wako nje saa tatu saa nne asubuhi siku hizo. Maji mafu ni kinyume, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Ukilijua hilo unaweza kupanga safari ya miezi mitatu mbele kwa kuangalia mwezi tu.

Faida yake ni hii. Ukitaka wimbi kubwa lililofika ufukweni huku jua linachomoza, usiende siku yenyewe ya mwezi mpevu, nenda siku ya tatu au ya nne baadaye. Bamvua bado ina nguvu, na kwa kuchelewa kule kwa dakika 50 kila siku, kujaa kunakuwa kumesogea mpaka saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Ukitaka maji yapige majabali jioni, nenda siku yenyewe ya bamvua, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, maji yako juu na jua liko nyuma yako. Thibitisha kwenye chati ya maji ya mamlaka ya bandari, TPA kwa Tanzania na KPA kwa Kenya, maana kila mahali kuna tofauti ya dakika kadhaa.

Kwa nini nikifika ufukweni sioni wimbi lolote, maji yamelala tu?

Kwa sababu umefika maji yakiwa yamekupwa na kuna mwamba mbele. Maji yakipungua wimbi lote linavunjikia nje kule mwambani, ndani kunabaki bwawa tulivu. Maji yakijaa, sehemu ya nguvu inapita juu ya mwamba na kufika kwako. Ukiona mstari mweupe mbali na unasikia ngurumo, wimbi lipo, ila haliko kwako. Subiri muda wa saa nne hivi, maji yajae.

Basi ni wapi mawimbi yanafika ufukweni bila mwamba?

Tafuta mto. Matumbawe hayapendi maji ya tope na maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo palipo na mto mkubwa mwamba unakatika na mlango unakuwa wazi kwa bahari kuu.

Ghuba ya Malindi ni mfano mzuri, mto Sabaki unamwaga pale tope jekundu, na kusi likishika watu wanapanda mawimbi kwa ubao. Rangi ya maji ni kahawia kama chai ya maziwa, wapiga picha wengi wanaikimbia, mimi naipenda sana, jua la asubuhi likipenya kwenye wimbi lenye tope unapata rangi ya shaba ambayo huipati Zanzibar kamwe. Ukipanda juu kuna Ngomeni na Kipini, mdomo wa mto Tana, ufukwe mrefu mtupu, vichuguu vya mchanga nyuma yako, na unaweza kukaa asubuhi nzima ukaona watu watatu tu. Kisha Shela kule Lamu, ufukwe wa kilomita kama 12 na vilima vya mchanga, upande wa bahari kuu haukukingwa.

Kusini mwa Tanzania kuna Msimbati, Mtwara, karibu na mdomo wa Ruvuma. Mchanga mweupe, mikoko, mitumbwi, na mawimbi yanayobadilika sana kulingana na upepo. Dar es Salaam yenyewe msiidharau, Coco Beach wakati wa kusi na maji yakijaa inapiga kelele vizuri tu, na Kigamboni ukishuka kusini zaidi kuna sehemu za wazi.

Sehemu zinazotazama magharibi, mfano magharibi ya Unguja na Pemba, zina machweo mazuri lakini mawimbi haba, maana zimejificha na bahari kuu. Mtu akikuambia nenda Kendwa ukapige mawimbi makubwa na machweo kwa pamoja, muombe akuonyeshe picha yake.

Mwanga gani bora? Nimezoea kusoma kwamba machweo ndio kila kitu.

Hizo ni habari za California, kule pwani inatazama magharibi. Sisi tunatazama mashariki. Maana yake jua linachomoza *nyuma ya wimbi*, na wimbi likisimama mwanga unapita ndani yake linakuwa kijani kibichi kama chupa, ukingoni linawaka. Hiyo ni zawadi yetu na inakuja asubuhi tu. Jioni jua liko mgongoni kwako, unapata wimbi lenye rangi na povu jeupe lakini halina moyo ndani.

Karibu na ikweta jua linapanda haraka sana, wima kabisa. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili kamili hivi na saa kumi na mbili na dakika 35, na ule mwanga wa dhahabu unadumu kama nusu saa ukibahatika dakika 40. Kwa hiyo uwe umesimama mahali pako, tripodi imekaa, lenzi imefutwa, saa kumi na moja na nusu. Adhana ya alfajiri ndio saa yangu ya kuamkia.

Naweza kutembea mpaka mwambani maji yakikupwa, nikapige kwa karibu?

Unaweza, na picha za kule hazina mfano, unasimama mita 30 kutoka kwenye wimbi linaloanguka juu ya jiwe, unalisikia kwenye kifua. Lakini naomba uisome hii mpaka mwisho.

Miaka kadhaa nyuma nilitoka pwani ya kusini mashariki ya Unguja siku ya bamvua, nikafika mwambani kama saa tatu na nusu, nikapiga, nikasahau muda kabisa. Mbele yangu maji yalikuwa yale yale, hayajasogea hata hatua. Nilichokuwa sijui ni kwamba maji hayarudi kwa mbele. Yanaingia kupitia milango ya mwamba yanajaza kwanza vile vibwawa na mikondo ya *nyuma yako*, kati yako na nchi kavu, na wewe bado umesimama pakavu unafurahi. Kuna mzee alikuwa anarudi na pweza wake, akanipigia kelele kutoka mbali, "We mwanangu, maji yashageuka hayo, rudi!" Nikadhani ananisalimia. Akaja mwenyewe akanishika mkono. Tulipofika mkondo wa katikati maji yalikuwa kifuani na yanavuta kwa pembeni, begi nimelibeba kichwani kama kinamama wanavyobeba mwani, yeye ananishika kiunoni kwa shuka yake aliyoifungua. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini. Mpaka leo nikienda kule naanzia kwake.

Hesabu yake ni rahisi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanapanda kidogo, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, ndani ya saa hizo mbili peke yake nusu ya maji yote yanaingia. Kama tofauti ya siku hiyo ni mita 4 basi ni mita 2 kwa saa mbili, juu ya kichwa chako. Kwa hiyo toka maji *yanapoendelea kupwa*, na dakika yanapofika chini kabisa ndio unaanza kurudi, usisubiri yageuke. Vaa viatu vyenye soli ngumu maana kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na kuna samaki anayejifanya jiwe mwenye miiba ya sumu. Usikanyage matumbawe hai, pita kwenye mchanga na jiwe lililokufa, wenyeji watakuonyesha njia. Na usiende peke yako, hata siku moja.

Setingi gani natumia?

Inategemea unataka wimbi liwe jiwe au hariri.

Kuligandisha, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga, kwa sekunde) 1/1000 kwenda juu, matone ya povu yanataka 1/2000. Tundu la lenzi f/5.6 mpaka f/8, aiso (ISO, wepesi wa kamera kushika mwanga) iache ipande yenyewe lakini iwekee kikomo. Piga mfululizo, lakini usishikilie kitufe kama bunduki, subiri wimbi lisimame, kisha picha tano sita, basi. Mawimbi yanakuja kwa makundi, madogo madogo halafu matatu manne makubwa, halafu kimya. Kaa dakika ishirini bila kupiga hata moja, hesabu tu. Ukishajua kundi kubwa linakuja kila baada ya dakika ngapi unakuwa umeshinda nusu.

Kulilainisha, jaribu nusu sekunde mpaka sekunde mbili, wakati maji *yanarudi* baharini baada ya kupiga, ndipo yanapochora ile mistari juu ya mchanga. Tripodi ikandamize mchangani kwa nguvu, na kama jua limeshapanda utahitaji filta ya ND, ile kioo cheusi. Sekunde 30 mimi sipendi, bahari inakuwa ukungu, inapoteza sura yake ya bahari, ila hiyo ni ladha.

Kuna ya katikati ambayo wengi hawaijaribu, 1/10 au 1/15, ukiwa unaifuata kamera pamoja na wimbi kwa pembeni. Katika mia utapata tatu. Hizo tatu utazichapisha.

Fokasi otomatiki inababaika kwenye povu, kwa hiyo lenga ukingo wa wimbi pale giza linapokutana na weupe, au weka manyuali kwenye mwamba wenyewe usiguse tena. Na upeo wa macho uwe umenyooka jamani, bahari haimwagiki.

Povu langu linatoka jeupe tupu halina chochote ndani.

Kamera imeangalia maji meusi ikaongeza mwanga, povu likaungua. Punguza mwanga kwa -0.7 au -1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, angalia histogramu (ile grafu ya mwanga), upande wa kulia usigonge ukuta. Piga RAW (faili ghafi la kamera) ili vivuli uvivute baadaye. Ila fremu yako ikiwa imejaa mchanga mweupe na povu tu, kamera inafanya kinyume, inatia giza kila kitu, hapo ongeza. Tatizo hili ni la zamani kama upigaji picha wenyewe. Mfaransa Gustave Le Gray miaka ya 1850 alikuwa hawezi kupata anga na bahari kwenye nega (picha ya awali ya kuchapia) moja, akapiga mbili, moja ya anga moja ya maji, akaziunga wakati wa kuchapa. Mnaolalamika kwamba kuunganisha picha ni udanganyifu mkumbuke hilo.

Chumvi inaniulia vifaa. Nifanyeje?

Usibadilishe lenzi ufukweni, full stop. Badilisha ndani ya gari au chumbani, kama huna basi mgongo kwa upepo na begi limefunguka chini ya kanga. Beba vitambaa vingi vya pamba vilivyofuliwa na maji baridi bila sabuni, kimoja hakitoshi hata saa moja wakati wa kusi. Ukirudi usifute kwanza, chumvi iliyokauka ni kama msasa, lowesha kitambaa na maji baridi, bana, panguza mwili mzima wa kamera, kisha kikavu. Miguu ya tripodi fungua kila kiungo, osha kabisa kwa maji baridi.

Adui wa pili ni kuvu. Unyevu wa pwani unaotesha kuvu ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na likishaingia kulitoa ni gharama. Weka vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na zile pakiti za kunyonya unyevu, na zikishiba zikaushe. Usitoe kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka nje moja kwa moja, itatoa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa.

Simu yangu imeandikwa haiingii maji, si naweza kuingia nayo?

Majaribio hayo yanafanywa kwa maji baridi, sio maji ya chumvi. Nunua mfuko wa kuizuia, na hata hivyo ukitoka isuuze.

Nataka kupiga kutoka kwenye chombo nje ya mwamba.

Hiyo ndio njia bora ya kuona uso wa wimbi kwa pembeni. Unatoka na nahodha anayejua mlango, mnakaa kwenye maji ya kina pembeni ya pale linapovunjika, chombo hakipigwi kwa sababu wimbi linavunjika pale tu kina kinapopungua, kama mara moja na kitu ya urefu wake. Ngalawa ni nzuri kuliko unavyodhani, yale matengo mawili ya pembeni yanaizuia kuyumba, ila upepo ukizidi utalowa wote. Boti ya fiba yenye injini inampa nahodha nafasi ya kukimbia. Patana bei kabla, na patana pia kwamba nahodha akisema turudi tunarudi, hata kama mwanga ndio umefika. Laifu jaketi vaa, usilikalie. Kamera ifunge mkanda mkononi na shata isishuke 1/1600 maana chombo nacho kinacheza.

Na kuingia majini kabisa na kamera?

Ingia bila kamera mwezi mzima kwanza. Jifunze kupiga mbizi chini ya wimbi, jifunze kutambua mkondo unaovuta kwenda nje, ile njia ya maji yaliyotulia isivyo kawaida katikati ya mawimbi mawili yanayovunjika, mara nyingi ina tope au povu linaloelekea baharini. Ukikubeba usipambane nao kuelekea nchi kavu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndio urudi. Baada ya hapo tafuta kasha la kamera lisiloingia maji, bei yake inaweza kuzidi kamera yenyewe, kwa hiyo wengi tunaanza na GoPro, kale kakamera kadogo kasikoingia maji. Kioo cha mbele kilambe kwa mate kabla ya kuzama, maji yanatandaa badala ya kuweka matone. Usifanye hivi juu ya mwamba maji yakiwa machache, wimbi litakutupa juu ya jiwe na hapo hakuna hospitali karibu.

Droni inaruhusiwa?

Kwa kibali tu. Tanzania ni TCAA na kuna kibali cha wizara ya ulinzi pia, Kenya ni KCAA, yaani mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo. Anza mapema, sio wiki ya safari. Kwenye hifadhi za bahari kuna ruhusa na ada yake tena. Na hata ukiwa na makaratasi yote usirushe juu ya bandari, kambi, au mitambo, kule Msimbati kuna mitambo ya gesi ya Mnazi Bay na walinzi hawana muda wa kusoma kibali chako polepole.

Nahitaji ruhusa ya kupiga picha ya kawaida kwenye vijiji vya mbali?

Kwa sheria ya ufukwe wa kawaida mara nyingi hapana, kwa adabu ndiyo, kila mara. Zanzibar nenda kwa sheha, bara kwa mwenyekiti wa kijiji, Kenya waone BMU, ile kamati ya ufukwe ya wavuvi. Salamu ndefu, jieleze, unatoka wapi, unapiga nini, utazipeleka wapi. Dakika 20 hizo zinakupa mtu wa kukuongoza, mahali pa kulala na taarifa ya maji ambayo apu haina. Hifadhi za bahari ni kitu kingine, Malindi na Watamu zipo tangu 1968, Mafia tangu 1995, Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma tangu 2000, kule unalipa kiingilio na kufuata masharti yao.

Kuhusu watu, naona picha nyingi mtandaoni za kinamama wa mwani wamepigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali bila kujua, wameinama, nguo zimelowa. Hilo linaniuma. Wale wako kazini na wengi hawataki, na wana haki hiyo. Nenda, salimia, shikamoo kwa wakubwa, uliza. Akikataa kamera ishushe chini aone umeishusha. Akikubali, rudi na picha iliyochapishwa safari inayofuata, sio kumtumia kwenye simu ambayo hana. Na mavazi, Pemba na Lamu usitembee mtaani na kaptura ya kuogelea, beba kikoi.

TMA (mamlaka ya hali ya hewa Tanzania) wametoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa. Si ndio wakati wa kwenda?

Angalizo lao la kawaida la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 unaweza kwenda, *ukiwa nchi kavu*, juu, mbali na ukingo wa jabali. Majabali yetu ya matumbawe yamelika chini, juu panaonekana pagumu kumbe chini ni hewa. Kaa nyuma angalau mita kumi na angalia dakika ishirini kabla ya kusimamisha tripodi.

Kimbunga ni habari nyingine kabisa. Ni nadra kwetu lakini vinakuja, Zanzibar kilipiga Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu, Lindi 1952, na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Siku hiyo kamera inakaa kwenye ndoo yake na wewe unasaidia watu kuvuta vyombo juu.

Picha zangu hazifanani na za Hawaii au za Nazaré, nakosea wapi?

Hukosei. Nazaré kule Ureno kuna korongo kubwa chini ya bahari linaloelekeza nguvu yote sehemu moja, ndio maana mwaka 2020 mtu aliteleza kwenye wimbi la mita 26. Sisi hatuna korongo hilo, tuna mwamba, ngalawa, maji ya rangi ishirini, na watu wanaoishi na hiyo bahari kila siku. Clark Little wa Hawaii alianza 2007 kwa sababu mkewe alitaka picha ya wimbi ya kutundika chumbani, akaingia kwenye mawimbi ya ufukweni pale pale nyumbani kwake, akayapiga kutoka ndani. Alipiga alichokuwa nacho mlangoni. Weka ngalawa au mvuvi wa pweza kwenye fremu yako ili tujue ukubwa wa wimbi, na tujue pia ni wapi.

Usiku je, naweza kupiga mawimbi na nyota?

Ndiyo, ila uliza kwanza kama kasa wanataga hapo, mfano Watamu au kisiwa cha Juani kule Mafia. Mwanga mweupe unamrudisha mama baharini na unawapoteza watoto. Taa nyekundu hafifu, au zima kabisa.

Naenda Kipini siku tatu, nibebe nini?

Bateri tatu na pawabenki iliyojaa maana umeme usiutegemee, kadi mbili, vitambaa sita, mifuko ya plastiki ya mchele ya kufunikia kamera, filta moja ya polaraiza (inayopunguza mng'ao wa maji), tochi ya kichwani, kikoi, viatu vya mwambani, dawa ya mbu kwa sababu delta ya Tana ina mbu wa kweli kweli, chati ya maji imechapwa kwenye karatasi maana mtandao unakatika, pesa taslimu ndogo ndogo, na zawadi ya sukari na majani ya chai kwa mwenyeji wako. Uliza hali ya usalama wa barabara siku mbili kabla, kwa watu wanaoishi kule, na fuata watakachokuambia. Maji ya kunywa lita tano kwa siku, usihesabu ya kuoshea kamera, hayo beba dumu lake.